Kazi ya Mwanamume Iko kwa Wanaume Wenzake: Mwongozo Kamili wa Kuzuia Ukatili Dhidi ya Wanawake

Wanaume wengi wanaojiona kuwa upande wa wanawake hujieleza kwa neno moja: mlinzi. Husema kwamba watawalinda mama zao, dada zao, wake zao na binti zao dhidi ya mtu mbaya atakayetokea gizani. Nia hiyo haina ubaya, ila inamkosa mhusika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono maishani mwake, na sehemu kubwa ya ukatili huo hutendwa na mume au mpenzi. Umoja wa Mataifa nao ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 waliuawa na wenzi wao au jamaa zao, yaani wastani wa watu 140 kila siku. Mtu mbaya, basi, mara nyingi hatokei gizani. Ana ufunguo wa nyumba, anafahamika kwa majirani, na ana marafiki wanaomheshimu.

Marafiki hao ndio ninaowaandikia, pamoja na yeye mwenyewe. Mwanamume hahitajiki kusimama na rungu mlangoni kwa wanawake. Anahitajika kukaa na wanaume wenzake, akianza na nafsi yake, na kuiondoa ile ruhusa ya kimyakimya inayomwezesha mtenda ukatili kuendelea huku akiitwa mtu wa heshima.

Hatua ya kwanza: Ujue unachokizuia

Azimio la Umoja wa Mataifa la Desemba 1993 kuhusu kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake linautaja ukatili huo kuwa wa kimwili, wa kingono na wa kisaikolojia, uwe umetendeka hadharani au faraghani. Neno hilo la mwisho lina uzito wake, kwa sababu kinga kubwa ya mtenda ukatili ni ile kauli kwamba mambo ya mume na mke hayaingiliwi.

Kofi ni sehemu moja tu ya picha. Mwanamume anayemnyang'anya mkewe mshahara, anayemkataza kufanya kazi, anayepekua simu yake kila usiku, anayemtenga na ndugu zake mmoja baada ya mwingine, au anayetishia kumwondolea watoto, anaweza asimguse hata kwa kidole na bado akawa amemtia kifungoni. Kinachounganisha vitendo hivi vyote ni kudhibiti: mtu mmoja anapanga maisha ya mwingine kwa kumtia hofu. Ukiutafuta ukatili kwa kuangalia majeraha peke yake utachelewa, kwani katika nyumba nyingi udhibiti hutangulia kipigo.

Hatua ya pili: Jikague kabla ya kumkagua mwingine

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo maana wanawake huwa na haki ya kutuangalia kwa mashaka tunaposhika mabango. Jiulize bila kujihurumia: Je, mwenzako hunyamaza ghafla unapoingia chumbani? Anapotaka kununua kitu au kumtembelea ndugu yake, anakuarifu au anakuomba ruhusa? Alipokukatalia tendo la ndoa mara ya mwisho, ulifanya nini baadaye, na siku iliyofuata ulikuwa na sura gani? Umewahi kupiga ukuta, kuvunja sahani au kuendesha gari kwa kasi ya makusudi ili aogope? Yapo maswali ambayo mtu hawezi kujijibu mwenyewe, na hapo njia ya haki ni kumuuliza mwenzako, umsikilize hadi mwisho bila kujitetea na bila kumlipizia jibu lake baadaye. Akikuambia kwamba hana la kusema, usiharakishe kufurahi. Huenda ndilo jibu lenyewe.

Hapa tuseme neno kuhusu hasira. Tumelelewa na methali isemayo hasira hasara, nayo ni methali nzuri, lakini imewapa wapigaji maficho. Mwanamume anayedai kwamba hasira humpofusha mara nyingi hampigi mkuu wake wa kazi aliyemdhalilisha asubuhi, wala askari aliyemsimamisha barabarani, wala jirani mwenye misuli kumzidi. Huibeba hasira hiyo hadi nyumbani, hufunga mlango, kisha humpiga yule ambaye hatarudisha. Huko si kupofuka. Huko ni kuchagua. Pombe nayo huongeza hatari na ukubwa wa madhara, na ni busara kuipunguza au kuiacha, ila wapo wanywaji wengi wasiopiga na wapigaji wengi wasiokunywa.

Kama ulishapiga, au unaona kwamba uko karibu, fanya mambo yafuatayo kwa mpangilio huu. Kwanza, kiri kwa maneno kamili yasiyo na "lakini": sema "nilikupiga", wala usiseme "tulikosana". Pili, usidai msamaha wala usiuwekee muda. Msamaha ni mali yake, na ana haki ya kutokuutoa na hata ya kuondoka. Tatu, tafuta mtaalamu au programu inayoshughulika na wanaume waliotenda ukatili, na umwambie angalau mwanamume mmoja unayemheshimu, atakayekuuliza kila wiki unaendeleaje. Nne, wakati wa utulivu kubaliana na mwenzako kuhusu utaratibu wa kujitenga: ukihisi mwili unapanda moto, unasema unatoka, unataja saa ya kurudi, unatembea kwa miguu bila kulewa na bila kumpigia simu za kumwandama, kisha unarudi saa uliyoitaja. Kujitenga kusikokuwa na saa ya kurudi hugeuka adhabu, na adhabu hiyo nayo ni ukatili wa aina yake.

Hatua ya tatu: Badili mizani ya nyumba

Ukatili hustawi pale ambapo mmoja ana kauli ya mwisho katika kila jambo. Nchini Rwanda, programu ya Bandebereho iliwakutanisha wanaume na wenzi wao katika vikao vilivyozungumzia malezi, kazi za nyumbani, maamuzi na namna ya kutatua migogoro. Matokeo ya utafiti wake, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba wanaume walioshiriki walifanya kazi nyingi zaidi za nyumbani, na wake zao waliripoti ukatili mdogo zaidi kuliko wake wa wanaume ambao hawakushiriki. Anayeogesha mtoto hajawa malaika kwa kufanya hivyo, lakini amepoteza nafasi moja ya kujiona bwana mkubwa.

Kwa vitendo, mambo matatu yanatosha kuanzia. Mapato na matumizi yajulikane kwa wote wawili, na kila mmoja awe na fedha asizozitolea hesabu. Kazi za nyumbani zigawanywe kwa majina, kwa sababu anayesema "nitasaidia" bado anaamini kwamba kazi si yake. Na ridhaa iombwe kila mara, ndani ya ndoa kama nje yake: kukubali kwa jana si kukubali kwa leo, na kunyamaza kwa hofu si kukubali kamwe.

Hatua ya nne: Safisha kauli

Lugha yetu ina maghala ya maneno ya kuficha kipigo. Mwanamume "amemrudi" mkewe, "amemtia adabu", au wawili hao "wana ugomvi wa nyumbani". Adabu hutiwa mtoto, na hata kwa mtoto kipigo kina mjadala wake. Mke si mtoto wa mumewe. Ugomvi nao una pande mbili, ilhali mahali ambapo mmoja hupiga na mwingine huogopa hakuna ugomvi, kuna kipigo.

Tazama pia sarufi tunayoitumia. Tunasema mwanamke alipigwa, alibakwa, alipewa mimba, aliuawa, na katika sentensi hizo zote mwanamume hayumo, kana kwamba ukatili ni mvua iliyonyesha. Jizoeze kumrudisha mtendaji kwenye nafasi yake: alimpiga, alimbaka, alimuua. Ukifanya hivyo hata swali hubadilika, kwa kuwa badala ya kuuliza kwa nini yeye haondoki, unajikuta ukiuliza kwa nini huyu bwana anapiga.

Kwa utani wa vijiweni na wa makundi ya simu, huhitaji hotuba. Mtu akitupia mzaha kuhusu kumpiga mwanamke, usicheke. Kisha uliza kwa sauti ya kawaida: "Sijaelewa, kichekesho kiko wapi?" Mzaha unaolazimika kujieleza hufa wenyewe. Ikiwa unaona haya kusema mbele ya watu, mwandikie faragha saa hiyohiyo, na ukiona mwingine ameupinga mzaha huo kabla yako, muunge mkono hadharani. Aliyetangulia ndiye mwenye kibarua kigumu.

Hatua ya tano: Zungumza na mwanamume mwenzako anayepiga

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wanaume wema wengi huishia. Tunajua, au tunahisi: tumeona mke wa rafiki yetu akiwa na miwani ya jua usiku, tumesikia namna anavyomjibu, tumeona watoto wanavyotawanyika gari lake likiingia. Tunanyamaza kwa sababu tatu ambazo sote tunazijua, nazo ni kuogopa kupoteza urafiki, kuogopa kuambiwa tunaingilia, na kuogopa kwamba atatugeuzia kibao na kutukumbusha dhambi zetu wenyewe. Hofu hii ya tatu ndiyo sababu hatua ya pili ilitangulia.

Kabla hujafungua mdomo, jiulize umejuaje. Kama umeyaona kwa macho yako au umeyasikia kwake mwenyewe, unaweza kusema. Lakini kama mkewe ndiye aliyekueleza, au alimweleza mkeo, huna ruhusa ya kwenda kumkabili mumewe mpaka mwanamke huyo akubali. Akijua kwamba mkewe amesema, atakayelipa ni mkewe baada ya wewe kuaga. Wema usio na subira umewahi kuwagharimu wanawake pakubwa.

Chagua mahali ambapo mko wawili tu, hajalewa, na hamna haraka. Kutembea bega kwa bega hurahisisha maneno kuliko kukaa uso kwa uso. Anza na ulichokiona, usianze na hukumu. "Jana ulipomshika mkono vile mbele ya watu niliona ameogopa, na mimi pia nilishtuka. Sijalala vizuri." Halafu nyamaza. Mara nyingi atakanusha, au atasema hujui anavyomchokoza. Usiingie kwenye kesi ya uchokozi, kwa kuwa ukishaanza kupima kama kosa la mke lilistahili kofi, umeshakubali kwamba lipo kosa linalostahili. Jibu fupi linatosha: "Hata kama alikuudhi, kumpiga ni uamuzi wako, na mimi siukubali."

Akisema "haya ni mambo ya ndani kwangu", mwambie kwamba ungekuwa huyajali ungekaa kimya kama wengine. Akisema dini au mila inamruhusu, usigeuke mwanachuoni wa ghafla. Mwambie mumtafute pamoja kiongozi wa dini mnayemwamini wote wawili, na hakikisha mapema kwamba kiongozi huyo si miongoni mwa wale wanaowaambia wanawake wavumilie. Akilia na kujuta, msikilize, ila usiyachukue machozi kuwa ndio ukomo wa safari. Majuto baada ya kipigo ni jambo la kawaida sana, na katika nyumba nyingi huwa sehemu ya mzunguko: kipigo, majuto, zawadi, utulivu, mvutano, kipigo. Swali la kumwuliza anayejuta ni moja: "Utafanya nini kesho, na unataka nikusindikize wapi?"

Mazungumzo ya kwanza huwa hayatoshi. Mrudie baada ya wiki. Mwambie wazi kwamba hutamfichia, hutamtolea ushahidi wa uongo, wala hutamwazima gari la kumfuatilia mke aliyeondoka. Kuna marafiki watakaokulaumu kwa kumvunjia heshima mwenzako. Kubali lawama hiyo. Urafiki unaodumu kwa gharama ya mbavu za mtu mwingine una bei ambayo wewe huilipi.

Hatua ya sita: Ukiwa mbele ya tukio

Tangu mwaka 1993, programu iliyoanzishwa na mwanaharakati Mmarekani Jackson Katz katika Chuo Kikuu cha Northeastern mjini Boston imewafunza wanamichezo na vijana kujiona kama mashuhuda wenye la kufanya. Wazo lake ni kwamba kati ya kupigana na mtenda na kugeuza uso kuna njia nyingi.

Njia iliyo salama zaidi mara nyingi ni kuvuruga. Gonga mlango uulize kitu cha kawaida, muulize mwanamke kama anataka kusindikizwa, ita jina lake kana kwamba ulikuwa unamtafuta. Waite wengine, kwani watu wanne waliosimama tu na kutazama hubadilisha mahesabu ya mpigaji. Kama kuna silaha au damu, piga simu polisi na ubaki mahali unapoonekana. Usimpige mtenda. Kumpiga humpa sababu ya kujiita aliyeonewa, humfundisha kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, na fedheha aliyoipata mbele za watu huenda akaimalizia nyumbani.

Hatua ya saba: Mwanamke akikueleza

Msikilize kwanza, bila kumkatiza na bila maswali ya kipolisi. Sema mambo mawili na uyamaanishe: nakuamini, na hukustahili. Muulize anahitaji nini, kisha fuata anachosema hata kama wewe ungetamani kingine. Mtu aliyenyang'anywa maamuzi hasaidiwi na mwanamume wa pili anayemwamulia. Usimlaumu kwa kutoondoka. Wakati wa kuondoka, na miezi inayofuata, ni miongoni mwa nyakati za hatari kubwa zaidi, kwa hiyo anayepanga polepole mara nyingi anaijua hatari kuliko wewe.

Ziko dalili zinazotaka haraka: kumkaba shingo, kumtishia kwa silaha, kumpiga akiwa mjamzito, kumfuatilia, na vitisho vya kumuua au vya mume kujiua. Kukabwa shingo kupewe uzito wa pekee, kwa sababu utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake alikuwa na uwezekano zaidi ya mara 7 wa kuja kuuawa naye. Aliyekabwa aende hospitali hata kama shingo haina alama, kwa kuwa madhara ya ndani yanaweza kujitokeza baada ya saa au siku kadhaa.

Kama amebakwa, saa zinahesabika. Dawa za kinga dhidi ya maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika ndani ya siku 5, navyo pia vikiwahi ni bora. Iwapo anataka kushtaki au bado hajaamua, ni vyema asioge kwanza, na nguo alizovaa zihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Lakini akiwa ameshaoga, aende hivyohivyo. Matibabu hayategemei ushahidi.

Jambo moja zaidi, ambalo wazee na wapatanishi hulikosea kwa nia njema: usiwakalishe pamoja ili wasuluhishwe. Mwanamke hawezi kusema ukweli mbele ya mtu ambaye atalala naye nyumba moja usiku huo, na suluhu inayopatikana namna hiyo huwa ni ahadi ya mwanamke kuvumilia zaidi.

Hatua ya nane: Wavulana

Wavulana hutazama kuliko wanavyosikiliza. Mwache mwanao akuone ukiomba radhi kwa mama yake, ukilia msibani, ukipingwa katika jambo na kukubali. Mfundishe mapema kwamba msichana akisema hapana mazungumzo yameisha, na kwamba kukataliwa hakuna fedheha. Picha za ngono za kwenye simu atazikuta kabla hujawa tayari kumzungumzia, mzungumzie kabla.

Hatua ya tisa: Fanyeni kwa pamoja, na kwa muda mrefu

Mwaka 1991, wanaume wa Kanada walianza kuvaa utepe mweupe kuahidi kutotenda ukatili, kutouunga mkono na kutoukalia kimya, baada ya mtu mmoja kuua wanawake 14 katika shule ya uhandisi mjini Montreal tarehe 6 Desemba 1989. Tarehe 25 Novemba nayo huadhimishwa duniani kuwakumbuka dada watatu wa ukoo wa Mirabal, wapinzani wa udikteta waliouawa katika Jamhuri ya Dominika mwaka 1960. Kumbukumbu hizi zina maana, ila siku moja ya fulana na picha haijawahi kubadilisha nyumba ya mtu.

Kinachobadilisha ni mazungumzo ya muda mrefu katika jamii nzima. Mjini Kampala, programu iitwayo SASA! iliwatumia wakazi wa kawaida kuzungumza na majirani zao kwa miaka kadhaa kuhusu nguvu, nani anayo na anaitumiaje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba katika maeneo yaliyofikiwa, ukatili wa kimwili wa wenzi uliotendeka katika mwaka uliotangulia ulikuwa chini kwa 52% ukilinganishwa na maeneo mengine. Hawakuanza kwa kuhesabu wabaya. Walianza na swali ambalo kila mtu ana jibu lake, kwa kuwa kila mtu amewahi kuonewa na mwenye nguvu kumzidi.

Ukitaka kuanzisha kikundi, waalike wanaume 6 au 8 mnaoaminiana, mkutane kila baada ya wiki mbili, na kila mkutano ufunguliwe kwa kila mmoja kusema alichofanya tangu mlipoachana, siyo anachofikiri. Mkataze jambo moja tu, nalo ni kusimulia makosa ya wake zenu. Kabla ya kupanga shughuli yoyote ya hadharani, nendeni kwa wanawake wanaofanya kazi hii katika eneo lenu muwaulize inafaa au inadhuru. Wanaijua kazi hii kabla yenu, na huenda wakawaambia kwamba wanachohitaji si jukwaa jingine la wanaume, bali mtu wa kuwalea watoto mchana ambapo mama zao wako mahakamani. Wakisema hivyo, gawaneni zamu.